Orodha za familia zilizohama: hesabu ifanyike pale orodha ilipo

Goma. – Siku ya kugawa chakula, mlolongo unapangwa kabla jua halijapanda. Wamama wanashika jetoni mkononi, watoto wanakalia bidoni tupu, wazee wanatafuta ukuta wenye kivuli. Saa tatu inapita, saa tano inapita, na gari la unga bado limefungwa. Prezida wa kambi akiulizwa, jibu lake ni lile lile ambalo familia zilizohama zimelizoea: listi haijatoka. Siku nyingine listi inatoka mapema, lakini mama fulani anaambiwa jina lake haliko, na mwezi uliopita alipokea kwa jetoni ile ile. Anatumwa kwenye meza ya malalamiko. Pale anaandikwa upya kwenye karatasi, na anarudi nyumbani na karatasi.

Wengi wakifika hapo wanasema jina limeuzwa. Wizi wa majina ukionekana unapaswa kufuatwa bila huruma, hilo halina mjadala. Lakini kuna sababu nyingine isiyosemwa sana kambini, kwa kuwa haina sura ya mtu wa kumnyooshea kidole. Sababu hiyo ni mahali ambapo hesabu inafanyiwa. Orodha kubwa ya familia inachukuliwa nzima kutoka pale inapohifadhiwa, inateremshwa kwenye kompyuta ndogo ya ajenti mmoja, inakatwa vipande, na ajenti anaanza kuhesabu usiku, batri ikiwa imebakia nusu. Hapo ndipo majina yanapotea na hapo ndipo saa zinapotea. Na ni jambo linaloweza kurekebishwa bila kungojea vita viishe.

Kwanza ukubwa wenyewe. Kongo haijafanya sensa ya watu wote tangu 1984. Kwa hiyo katika sehemu nyingi za mashariki, daftari kubwa kuliko yote linaloeleza nani anaishi wapi na watoto wangapi ni lile la misaada. Mwezi wa Oktoba 2023 shirika la kimataifa la uhamiaji, IOM, lilitangaza kwamba watu milioni 6,9 walikuwa wamehama makwao ndani ya nchi. Hao hawako kwenye orodha moja, wamegawanyika kati ya mikoa na mashirika mengi. Hata hivyo, kipande kimoja tu cha orodha hiyo kinatosha kuzidi nguvu za kompyuta ya ajenti.

Chukua mfano wa hesabu tu, si wa kambi fulani. Eneo moja lina familia 60.000. Kila familia inapokea mara mbili kwa mwezi, yaani mara 24 kwa mwaka. Kila mara kuna vitu vinne: unga, maharagi, mafuta na chumvi. Kila kitu kilichotolewa kinaandikwa mstari wake, ili baadaye ijulikane nani alipata nini na siku gani. Zidisha: 60.000 mara 24 mara 4. Ni mistari 5.760.000 kwa mwaka mmoja.

Sasa programu ya Excel, ambayo karibu kila ofisi inaitumia, ina mwisho wake. Ukurasa mmoja unabeba mistari 1.048.576 na hauongezeki hata kwa mmoja. Faili za aina ya zamani, zile zenye mkia wa xls, zinaishia kwenye 65.536. Ajenti anayepewa mistari milioni tano na zaidi anabaki na njia moja: kukata. Anaweka miezi miwili kwenye faili moja, miezi miwili kwenye nyingine, anahesabu kila kipande peke yake, halafu anajumlisha vipande kwa mkono. Mtu ambaye amewahi kujumlisha vipande sita saa nane za usiku anajua nini kinafuata. Kipande kimoja kinaingizwa mara mbili, kingine kinasahauliwa.

Na hili halitokei kwa maskini peke yao. Uingereza, nchi tajiri yenye wataalamu wengi, ilipata aibu hiyo wakati wa Korona. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, wagonjwa 15.841 waliokuwa wamepimwa na kukutwa na ugonjwa hawakuingia kwenye hesabu ya taifa. Matokeo ya maabara yalikuwa yanapitishwa kwenye faili za Excel za aina ya zamani, na faili zilipojaa, mistari iliyozidi iliachwa nje. Wagonjwa wenyewe walipata majibu yao, lakini wale waliokutana nao walichelewa kutafutwa. Hakuna aliyeiba jina la mgonjwa hata mmoja. Faili ilijaa, basi.

Kujaa siyo ugonjwa pekee wa faili hizo. Excel ikiona namba ndefu inashika tarakimu 15 za kwanza, zinazobaki inazigeuza sifuri. Kadi yenye namba ya tarakimu 16 ikiingia kama namba ya kawaida, ile ya mwisho inafutika, na kadi kumi tofauti zinaweza kufanana kabisa. Namba ya simu inayoanza na 099 au 081 inapoteza sifuri yake ya mbele, na siku ya kutuma ujumbe wa kuita familia, ujumbe haufiki. Maneno mengine yanageuzwa kuwa tarehe. Mwaka wa 2020 wanasayansi wanaosimamia majina ya jeni za binadamu walilazimika kubadili majina ya jeni kadhaa, sababu programu hiyo ilikuwa inayasoma kama miezi ya Machi na Septemba. Kama wanasayansi wa dunia wameshindwa kuizuia, ajenti wa Masisi atalaumiwaje? Ni programu nzuri kwa duka na kwa hesabu ya mishahara ya watu thelathini. Haikutengenezwa kwa ajili ya kubeba mji.

Dawa haikuvumbuliwa jana. Orodha kubwa huwa tayari imehifadhiwa kwenye daftari la kompyuta ambalo wataalamu wanaliita databesi, na databesi yenyewe inajua kuhesabu. Inajua kujumlisha, kutafuta wastani, kupanga kwa kambi, kwa kartie, kwa mwezi, na kuunganisha fishi ya familia na karatasi ya ugawaji. Kosa ni kuitendea kama stoo ya kuwekea tu, kisha kazi ya akili inapelekwa nje.

Mwenye depo ya maharagi kule Birere akitaka kujua ana magunia mangapi ya kila aina, hakodi chukudu arobaini zimletee magunia yote nyumbani ili ayahesabie sebuleni. Anamtuma kijana depo. Kijana anahesabia palepale, anarudi na karatasi moja yenye mistari mitano. Kuhamisha hesabu kwenda databesi ni jambo hilo hilo. Ajenti anaandika swali moja kwa lugha ya databesi, ile inayoitwa SQL: kwa kila kambi na kila mwezi, ni familia ngapi zimepokea, ni kilo ngapi, na ngapi hazikuja. Databesi inapita kwenye mistari milioni 5,76 pale pale inapokaa na kurudisha jibu la mistari mia mbili.

Tofauti inaonekana kwanza kwenye rezo. Kama kila mstari una uzito wa baiti 200 tu, mistari hiyo yote ni zaidi ya giga 1,1. Kwa ofisi inayonunua mega kwa forfe ya simu, au inayotegemea antena ya satelaiti huko Lubero ama Fizi, hiyo ni pesa na ni usiku mzima, na rezo ikikatika katikati unaanza upya. Jibu la mistari mia mbili ni kama kilobaiti 40. Linapita hata siku ambayo rezo inayumba.

Kuna kosa lingine ambalo programu nyingi za ripoti zinalifanya kimyakimya, na linafaa kuelezwa polepole. Badala ya kuuliza swali moja, programu inauliza familia moja moja: familia ya kwanza ilipokea nini? Ya pili je? Ya tatu? Kwenye kompyuta iliyo karibu na seva haionekani. Kwenye satelaiti ile ya mbali, iliyosimama juu ya ikweta, swali kwenda na jibu kurudi huchukua karibu nusu sekunde na kidogo, tuseme sekunde 0,6. Familia 60.000 mara sekunde 0,6 ni sekunde 36.000. Ni saa kumi kamili, na databesi haijachoka hata kidogo, imekaa inangoja swali lifike. Ripoti iliyoanzishwa saa mbili za usiku inamalizika saa kumi na mbili asubuhi kama umeme haukukatika. Ndiyo maana listi haijatoka. Swali moja linalouliza familia zote kwa pamoja linavuka satelaiti mara moja tu.

Hata ndani ya databesi yenyewe kuna kazi ya kupanga. Jedwali kubwa lisilo na indeksi ni kama daftari la chifu lisilo na kurasa zilizopewa namba: ukitafuta mtu mmoja unasoma kitabu chote. Indeksi inawekwa kwenye vitu vinavyoulizwa kila siku, yaani namba ya kadi, kambi na tarehe. Na zile hesabu zinazoulizwa kila wiki kwa namna ile ile zinaweza kufanywa usiku mara moja na jibu likahifadhiwa tayari. Databesi ya PostgreSQL, ambayo haiuzwi wala hailipiwi leseni, inafanya hivyo tangu 2013. Asubuhi ajenti anafungua jibu lililokwisha kupikwa.

Faida nyingine haihusu kasi, na kwa watu wa Kivu na Ituri huenda ndiyo kubwa. Kila mara orodha nzima inapoteremshwa, nakala mpya ya majina ya watu inazaliwa. Nakala hiyo ina jina la baba, kijiji alichotoka, namba ya simu, idadi ya watoto, na mahali anapolala sasa. Inakaa kwenye kompyuta, kwenye funguo ya USB, kwenye barua pepe, kwenye simu ya mtu aliyesaidia kuchapisha. Katika sehemu ambayo kijiji ulichotoka kinaweza kukufanya uonekane wa upande fulani, faili kama hiyo ni hatari. Kompyuta inaibwa barabarani, ofisi inaporwa, mji unabadilika mikononi kwa siku chache, na hakuna anayejua nakala ngapi zilibaki kwenye meza. Hesabu inapofanyiwa kwenye databesi, kinachotoka ni idadi: kambi hii familia elfu nne, kambi ile elfu sita. Majina yanabaki ndani, na kila anayeingia kuyatazama anaweza kuandikwa saa na siku. Ajenti wa kugawa bado atahitaji majina ya eneo lake, hilo halikwepeki, lakini atapewa ya eneo lake na ya siku ile.

Wanaopinga wana hoja zao, na si zote za uvivu. Wengine wanasema Excel inajulikana na kila mtu, SQL inajulikana na wachache, na shirika likimpoteza yule mmoja anayeijua linakwama. Ni kweli. Lakini vijana wanaosoma informatiki Goma, Bukavu, Butembo na Bunia wanafundishwa lugha hiyo darasani, kisha wanamaliza masomo na kuuza mega kando ya barabara. Tatizo si kukosa watu. Ni kwamba nafasi ya kazi inaandikwa kutafuta mtu anayejua Excel vizuri. Wengine wanasema kijijini hakuna rezo, seva itafikiwaje? Nayo ni kweli kwa kazi ya kuandikisha. Ajenti aliye Walikale ataendelea kuandika kwenye simu bila rezo na kutuma akifika mahali penye antena. Kuandikisha kunaweza kufanyika mbali na kwa vipande. Kinachodaiwa hapa ni ripoti, ile hesabu kubwa inayoamua tani ngapi zipakiwe, ifanyike mahali ambapo vipande vyote vimekutana.

Na kwa orodha ya familia mia tatu, acheni Excel ifanye kazi yake. Hakuna haja ya kuita fundi wa kuchimba kisima kwa ajili ya bidoni moja ya maji.

Hoja nzito kuliko zote haisemwi na wapinzani, inafaa isemwe na wanaounga mkono. Databesi inahesabu haraka, na ikiulizwa vibaya inakosea haraka, kwa watu wote kwa mara moja. Ajenti wa zamani akikosea anaharibu kambi moja. Swali la SQL lililoandikwa vibaya linaharibu mkoa.

Kosa la hatari zaidi linahusu kuunganisha majedwali. Jedwali la familia lina msimbo wa kambi, jedwali la kambi lina jina la kambi. Swali la kawaida la kuunganisha linachukua tu familia ambazo msimbo wao una mwenzake upande wa pili. Familia ambayo msimbo wake hauna mwenzake haionyeshwi. Databesi haitoi onyo, haiandiki kosa, kwa kuwa kwa upande wake imefanya alichoambiwa. Sasa ikumbukwe kilichotokea mwanzoni mwa 2025. Kambi zilizouzunguka mji wa Goma, kama Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo, zilikuwa zimebeba watu laki kadhaa. Ndani ya wiki chache zilivunjwa. Wengine walirudi Masisi na Rutshuru, wengine wakaingia kwenye familia za wenyeji mjini, wengine wakaelekea Minova na Kalehe, na wako waliohama mara ya tatu au ya nne. Kwenye jedwali, kambi ikifutwa kwa sababu haipo tena, kila familia iliyobaki na msimbo wake inageuka mzuka. Iko kwenye daftari lakini haitokei kwenye ripoti. Mama anayesimama kwenye meza ya malalamiko na jetoni ya Bulengo mkononi hana namna ya kulijua hilo, na mara nyingi hata ajenti anayemsikiliza halijui.

Databesi ina namna nyingine ya kuunganisha, inayoacha familia zote zibaki hata zile zisizo na mwenzao, na kuzionyesha zikiwa na nafasi tupu. Ni tofauti ya neno moja kwenye swali. Anayeandika ripoti za wakimbizi wa ndani anatakiwa kuanza na namna hiyo, halafu aeleze nafasi tupu ni ngapi. Kambi nayo isifutwe kwenye jedwali, iwekewe tarehe ya kufungwa tu.

Nafasi tupu zina mtego mwingine. Databesi ikitafuta wastani wa watu katika familia, zile ambazo idadi yake haikuandikwa zinarukwa. Haizihesabu sifuri, inazifanya kama hazipo. Familia zilizoandikishwa mbiombio usiku wa kukimbia, fishi ikabaki nusu, ndizo zenye nafasi tupu nyingi. Kama hao waliokimbia usiku walikuja na watoto wengi, wastani unatoka mdogo kuliko ukweli, na unga unapungua kwa kila mtu.

Halafu kuna majina mawili mawili. Kila shirika linataka kuondoa waliojiandikisha mara mbili, na ni haki. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na siku chache baadaye watu wakaambiwa waondoke Goma, wengi walifika Sake, Minova, Rutshuru na Bukavu, na pale walipofika waliandikwa. Kuandikwa sehemu mbili si lazima iwe ujanja, mara nyingi ni safari tu. Kulinganisha familia 60.000 kila moja na mwenzake ni kulinganisha jozi karibu bilioni 1,8, kazi ambayo hakuna macho wala Excel itaimaliza. Databesi inaweza kuipunguza: inalinganisha kwanza wenye eneo moja na mwaka mmoja wa kuzaliwa, na PostgreSQL ina nyongeza inayopima jinsi maneno mawili yanavyofanana herufi kwa herufi, hivyo Byamungu na Biamungu yakaonekana kuwa karibu sana.

Lakini fundi aliyekaa mbali asiyejua Kivu ataumiza watu kwa kifaa hicho. Kwa Wanande wa Beni na Lubero, majina ya watoto yanafuata namna walivyozaliwa, kwa hiyo kina Kambale, Paluku, Masika na Kavira wako maelfu kwa maelfu. Mahali pengine kina Bahati, Furaha na Baraka wamejaa kila nyumba. Na tarehe ya kuzaliwa? Mzee asiyejua tarehe yake anaandikiwa mosi Januari. Kavira aliyezaliwa tarehe mosi Januari anaweza kuwa na wenzake ishirini kwenye kambi moja, na wote ni watu wa kweli wenye masufuria ya kweli. Databesi ikipewa amri ya kufuta wanaofanana kwa jina na tarehe, itafuta mama kumi na tisa. Inapaswa kupewa kazi ya kuonyesha wanaofanana tu, na uamuzi ubaki kwa mtu anayekaa nao, akiwa na kiongozi wa bloku pembeni yake.

Suala la jibu lililopikwa usiku nalo lina upande wake. Jibu lililohifadhiwa Jumatatu usiku halimjui aliyefika Jumanne na watoto watatu mgongoni na mkononi. Si kosa, ni umri wa jibu. Linageuka kosa pale ripoti inapochapishwa bila kuandikwa ilihesabiwa lini, na mgawaji anamwambia aliyefika Jumanne kwamba hayuko, kana kwamba kompyuta imemkana. Tarehe na saa vikiwa juu ya karatasi, mgawaji anajua kwamba Jumanne na Jumatano bado hazimo, na anafungua orodha ya wapya. Inagharimu mstari mmoja wa wino.

Ni vizuri pia hesabu nzito zisiendeshwe mchana kwenye seva ile ile inayopokea wanaoandikishwa. Swali kubwa linaloanzishwa saa nne za asubuhi linaweza kusimamisha kazi ya meza zote za kuandikisha, na mlolongo unasimama bila mtu kujua kwa nini. Ama hesabu ifanyike usiku, ama kuwe na seva ya pili inayopokea nakala ya ile ya kwanza na kujibu ripoti peke yake.

Kamati za kambi na viongozi wa bloku hawahitaji kujua SQL ili waingie kwenye mambo haya. Wanakaa kwenye mikutano na mashirika, wanaulizwa maoni kuhusu vyoo na maji, na wanaweza kuuliza kuhusu listi vilevile. Hesabu hii imefanyiwa kwenye databesi au kwenye faili iliyokatwa? Imehesabiwa siku gani, saa ngapi? Nani ameandika swali, na nani mwingine amelisoma kabla halijatumika? Familia zenye nafasi tupu ni ngapi, na zimewekwa wapi? Shirika linalofanya kazi vizuri litajibu kwa dakika tano, sababu majibu yote yako kwenye databesi hiyo hiyo.

Na liko swali moja ambalo hata mtoto wa darasa la nne anaweza kulishikilia. Idadi iliyoingia kwenye hesabu na idadi iliyotoka ziandikwe zote mbili, moja juu, nyingine chini. Kama zimeingia familia 60.000 na zimetoka 59.412, mkutano usifungwe na gari lisiondoke hadi ajenti aweke mezani orodha ya zile 588, na sababu pembeni ya kila moja.